Panya wa Bibi Mwanakhamisi

Katika kabati la vyombo la Mwanakhamisi binti Salehe, pale Mlandege mjini Iringa, rafu ya juu ni ya vyombo vya wageni, na mjukuu anayeigusa atakiona cha mtema kuni. Lakini kwa mwaka mzima na ushei, katikati ya rafu hiyo lilikaa bakuli la bati la bluu lenye maua mekundu, ambalo halikuwa lake. Lilikuwa la jirani yake Evarista, mwenye mashine ya kusaga, ambaye mtaa wote unamwita Mama Kalinga. Bakuli lilikuja na kande za moto. Kande zikaliwa, bakuli likaoshwa na kufutwa, na hapo mambo yakakwama.

Mwanakhamisi alilelewa akijua kwamba chombo cha mtu hakirudi kitupu. Hata ukikosa kabisa, tia chumvi kidogo, tia limau, tia chochote, lakini usimrudishie mtu chombo chake kikiwa na hewa. Sasa siku ileile kande zilipoliwa, yeye na Mama Kalinga waligombana. Kulirudisha bakuli likiwa na kitu ndani kungekuwa kuomba radhi, naye aliona hana kosa. Kulirudisha tupu kungekuwa tusi, na tusi la namna hiyo hakufundishwa na mama yake. Basi bakuli likabaki pale juu, likimtazama kila anapochukua kikombe.

Ukiniuliza mimi, nitakwambia Mwanakhamisi si mgomvi. Ni msemaji, na msemaji ni mtu wa aina nyingine. Ana mwili uliojaa, kicheko kinachofika kwa muuza mkaa kabla yake, na mdomo unaotangulia kichwa. Alizaliwa Ilomba, Mbeya, katika ukoo wa watu wa Bagamoyo waliopanda bara na biashara za chumvi na nguo, wakaikuta baridi ya huku, wakailaani, kisha wakaoa na kuzaa humohumo. Ukimpa nafasi atakutajia babu zake mmoja mmoja mpaka yule aliyeshuka pwani kutoka chomboni. Mume wake, marehemu Halfani, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka hapa Mlandege, na duka alilomwachia ndilo linalomlisha mpaka leo: mbele mizani na madebe, nyuma stoo ya magunia. Ukuta wa nyuma wa stoo ndio huohuo ukuta wa mashine ya Mama Kalinga.

Alipoolewa alikuja na kasha la mninga la mama yake. Mama akawaambia yeye na dada yake Batuli, aliyebaki Ilomba, kwamba kasha lile lisikae sehemu moja likasahau njia. Mabinti wakalitii neno hilo kuliko walivyotii mengine mengi. Mpaka leo kasha husafiri. Kutoka Ilomba linaleta mchele wa Kyela, parachichi na ndizi, vyote vimelazwa juu ya majani makavu ya migomba ili visipondeke. Kutoka Mlandege linarudi na maharage, vitunguu na kanga mpya. Mbebaji ni Habibu, mtoto wa Batuli, dereva wa Fuso, kijana mwenye adabu na tumbo lisilojaa.

Na kuna adabu nyingine hapo, nayo uishike, maana ndiyo yenye kisa. Zawadi haifunguliwi mbele ya aliyeileta. Kufungua papo hapo ni kama kumwambia mtu, ngoja nione umeniletea nini. Kwa hiyo Habibu akifika, kasha linaingizwa stoo, yeye anapewa maji ya kuoga, wali na chai ya tangawizi, analala, asubuhi anaondoka. Kasha linafunguliwa Fuso ikishapotea kwenye kona.

Ugomvi wenyewe ulikuwa hivi. Mwanakhamisi alikuta gunia la mchele wa Usangu limetobolewa chini, mchele umemwagika na vinyesi vimetapakaa juu yake. Halikuwa la kwanza. Paka wake mzee alikuwa amekufa, sumu alizotega ziliua wachache, na waliobaki walizaliana kana kwamba wamepewa posho. Akatoka hadi barazani, mbele ya wateja, akapaza sauti:

"Mama Kalinga! Hiyo mashine yako ni zizi! Unawalisha pumba mpaka wanavimba, halafu wanavuka ukuta kuja kufanya harusi kwangu!"

Wateja wakacheka. Kama wasingecheka, pengine yangeisha. Mama Kalinga alisimama mlangoni kwake, unga umemkaa kwenye nyusi, akawatazama waliokuwa wakicheka, kisha akamtazama yeye.

"Basi bakuli langu unirudishie, Mama," alisema polepole. "Usije ukasema nalo limekuletea panya."

Ulimi hauna mfupa. Mwanakhamisi alijua palepale kwamba amevuka mpaka, na kwa kuwa alijua, akakasirika zaidi. Maana Mama Kalinga si jirani wa hivi hivi. Halfani alipofariki na Mwanakhamisi akakaa eda, huyu mama wa Kihehe, Mkristo wa kwenda misa kila Jumapili, ndiye aliyekuwa akifungua duka la mwenzake asubuhi kabla ya kuwasha mashine yake, na kulifunga jioni. Hakuulizwa, hakuombwa. Na sasa walikuwa wakipishana barazani kama watu wanaogombania kiwanja. Mwanakhamisi alimkosa rafiki yake, na hilo hakumwambia mtu yeyote.

Mwaka uliofuata akaja Lutengano. Alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka chuoni, mrefu, mpole, amebeba vizimba vya waya vilivyopangwa kama masufuria ya mamantilie. Mwenyekiti wa mtaa alimtambulisha nyumba hadi nyumba: anachunguza panya wa miji iliyo kando ya barabara kuu, tangu Mbeya mpaka Iringa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Lakini humu ndani usiwataje kwa jina lao. Wanasikia, halafu usiku wanakula nguo."

Lutengano hakucheka, na hapo hapo akajiongezea heshima kwa Mwanakhamisi. "Sasa tuwaiteje, mama?"

"Waite wenyewe."

Basi tangu siku hiyo msomi wa watu akawa anasema "wenyewe". Alitega vizimba kwa dagaa na siagi ya karanga, na kila aliyenaswa alikatwa kipande kidogo cha sikio, kikatiwa kwenye kichupa chenye spiriti. Mwanakhamisi alisimama kando, amefunga pua kwa ncha ya mtandio, lakini macho yamemtoka kwa udadisi.

"Huyu mwenye mkia mrefu kuliko mwili si mwenyeji," Lutengano alimweleza. "Wenyeji ni wale panya shamba... samahani, wenyewe wa shamba. Huyu asili yake Asia. Alikuja na vyombo vya baharini zamani sana, akashuka pwani, halafu akapanda bara na mizigo ya watu. Akifika mahali anawasumbua wenyeji na kula akiba za watu."

"Mbona unanisimulia habari za babu yangu?" alisema Mwanakhamisi, na kicheko chake kikamfikia muuza mkaa. "Na hicho kisikio kitakwambia nini?"

"Vinasaba, mama. Ndani yake mna ukoo wake. Tukilinganisha vya hapa na vya nyumba nyingine na vya miji mingine, tutajua nani ndugu wa nani, na nani kahama kutoka wapi. Ukiua wa kwako bila kujua wanakotoka, unafagia uwanja huku upepo unavuma. Tukishajua, tunajua mahali pa kuziba na nyumba zipi zitege pamoja."

Mwanakhamisi alipenda sana habari hiyo. Mambo ya nani ni mtoto wa nani ndiyo elimu yake. Akageukia ukuta, akahakikisha sauti inapita.

"Basi ukweli utajulikana! Itajulikana wanatokea mashineni!"

Kutoka upande wa pili, mashine ikazimwa. "Njoo utege na huku, mwanangu," ilisikika sauti ya Mama Kalinga. "Tega kila kona. Mimi siogopi ukoo wangu."

"Wakionekana ni wa kwangu," alijibu Mwanakhamisi, na wateja tayari walikuwa wamekusanyika, "nitapika pilau mtaa mzima ule, na mimi nitakula mwisho, ukoko!"

Nimeshasema, mdomo wake hutangulia kichwa.

Lutengano akaondoka na vichupa vyake. Mvua zikanyesha, mahindi ya kuchoma yakaja yakaisha, baridi ya Juni ikaingia na watu wakatoa makoti. Ndipo akarudi, peke yake, wavu wa kunasia begani, na kabla ya kwenda kwa mtu mwingine akaingia kwa Mwanakhamisi. Alikubali chai, akakishika kikombe kwa mikono miwili, na akawa hainywi.

"Mama, nimeanzia kwako kwa heshima. Kesho kuna mkutano wa mtaa, nitaeleza tulichoona. Lakini nyumba ya mtu sitaitaja. Ndiyo utaratibu wetu."

"Sema, mwanangu. Mimi si mgonjwa."

"Wenyewe wa sokoni na wa nyumba nyingi za hapa ni ukoo mmoja. Wa stoo yako ni tofauti. Ndugu zao tumewapata Mbeya, mitaa ya Ilomba. Na wa mashineni kwa Mama Kalinga ni mchanganyiko: wa hapa wamezaa na wa kwako. Yaani wanavuka ukuta, ni kweli. Ila wanatokea huku kwenda kule."

Mwanakhamisi alinyamaza. Wanaomjua watakwambia hilo peke yake lingetosha kuitiwa daktari.

"Ilomba?" alisema baadaye. "Mchele wangu unatoka Usangu. Magunia yangu hayafiki hata Uyole, mlangoni mwa Mbeya."

"Hatujui wamepitaje. Kuna mzigo wowote unaotoka Ilomba ukalala humu stoo? Si mara moja. Inaonekana wameletwa tena na tena."

Mwanakhamisi alitazama pembeni ya stoo, pale kwenye sakafu palipoachwa wazi, panapowekwa kasha.

Hapo ndipo moyo wake ulipopimwa, nami sitampamba. Alifikiri kwanza kunyamaza. Kijana kasema hatataja nyumba. Mama Kalinga hatajua, mtaa hautajua, pilau haitapikwa, na yeye ataendelea kuwa aliyeonewa. Ilikuwa rahisi mno. Akainuka kumletea Lutengano kikombe kingine, maana chai ilishapoa, akafungua kabati, na bakuli la bluu likamtazama. Alikumbuka funguo za duka lake zikining'inia kwenye shingo ya mwanamke mwingine, siku zote zile za eda, na hakuna punje iliyopotea. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Habibu anaingia leo alasiri," alisema. "Usiondoke, mwanangu. Kaa na wavu wako."

Fuso ilipopanda kutoka Ipogolo na kusimama mlangoni, Habibu alishuka akinyoosha mgongo, akaamkia, na kama kawaida akalielekeza kasha stoo.

"Weka hapo uani," alisema shangazi... la, mama yake mdogo, maana ndiye Mwanakhamisi kwake. "Lifungue."

Habibu alishtuka kama mtu aliyeambiwa avue nguo. "Mama mdogo! Mbele yangu? Mama akisikia?"

"Nitamwambia mwenyewe. Fungua."

Kifuniko kikainuliwa. Harufu ya majani ya migomba ikajaa uani, na ndizi zikaonekana zimejipanga vizuri, na parachichi kubwa za Rungwe, na mfuko wa mchele. Mfuko ulikuwa na tundu. Lutengano alifunua majani ya chini kwa kijiti, taratibu. Pembeni, pale ubao wa kasha ulipooza na kuacha nafasi ya kidole gumba, palikuwa na kiota kizuri cha majani yaliyotafunwa, na ndani yake mama mmoja mwenye mkia mrefu, na watoto wake wekundu.

Yule mama akaruka. Habibu, dereva anayeshuka milima usiku na breki zinazonuka, akaruka juu zaidi na kutua kwenye ndoo. Lutengano akatupa wavu, akakosa, akatupa tena, akamfunika kwenye kona ya choo. Na Mwanakhamisi alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mtandio ukamtoka kichwani, machozi yakamtiririka, na katikati ya kicheko akawa analia kweli kidogo, kisha akacheka tena. Miaka yote ile alikuwa akiwapokea, akiwapa mahali pa kulala na kuwasubiri watoke bila kusumbuliwa, kwa sababu ya adabu!

Akampigia Batuli simu.

"Dada, asante kwa kasha. Ila nakuuliza, unanitumia mchele au unanitumia wakwe?"

Batuli alikana, akaapa kwamba nyumba yake ni safi, akauliza nani amelifungua kasha mbele ya mtoto wake, akakasirika kwa hilo kuliko kwa yote. Mwishowe akaeleza kwa sauti ndogo kwamba majani ya migomba huwa anayalundika nyuma ya jiko, na huko, sawa, labda wenyewe wapo. Watu wa Ilomba nao hawawataji kwa jina.

Jioni hiyo Mwanakhamisi hakungoja mkutano. Alichukua mchele uleule wa Kyela, akatupa sehemu iliyoguswa, ule wa kati ambao haukufikiwa akaupeta, akauchagua, akauosha sana. Akapika pilau ndogo kwa kuanzia, yenye nyama na viazi. Akashusha bakuli la bluu, akalijaza mpaka kilima, akalifunika kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, akatoka. Njia ya kutoka baraza moja hadi nyingine ni fupi mno, mtoto hurusha kokoto likafika. Aliiona ndefu kama ya kwenda Chunya kwa miguu.

Mama Kalinga alikuwa akifagia unga. Aliona bakuli kabla ya kumwona mtu.

"Kamwene," alisema Mwanakhamisi, kwa Kihehe chake kibovu ambacho zamani kiliwachekesha wote wawili.

"Kamwene, Mama." Ufagio ukasimama. "Kumbe bakuli zima? Mi nilijua limeshavunjika."

"La bati halivunjiki. Mimi ndiye niliyevunjika." Akamsogezea bakuli. "Wenyewe ni wa kwangu, Mama Kalinga. Wote. Nimewatoa Ilomba kwenye kasha la mama yangu, nikawalaza, nikawalisha, wakavuka kwako wakazaa na wa kwako. Yule kijana hatataja nyumba, amesema. Nimekuja kuitaja mimi. Nilikutukana mbele za watu bure. Nisamehe."

Mama Kalinga alipokea bakuli, akafunua kitambaa, akanusa.

"Kwa hiyo sisi tumeshakuwa wakwe," alisema.

"Ndiyo. Na mahari hamkutoa."

Hapo mashine ilikuwa imezimwa, kwa hiyo kicheko chao kilisikika mpaka msikitini, na muuza mkaa akasimama kuangalia kulikoni.

Kesho yake mkutanoni Mwanakhamisi alisimama kabla ya Lutengano kumaliza, akasema yote mwenyewe, na akaongeza chumvi mahali palipohitaji, hasa pale Habibu alipotua kwenye ndoo. Watu walicheka, lakini safari hii walicheka pamoja naye. Halafu Lutengano akaeleza jambo la maana: akitega mmoja, wa jirani wanahamia kwake, wakitega wote siku zilezile, kuanzia soko mpaka mwisho wa mtaa, hakuna wa kuhamia. Na mizigo ifunguliwe nje kabla ya kuingia ndani. Ikakubaliwa. Mwanakhamisi na Mama Kalinga wakapewa kusimamia safu yao, na maskini yule aliyesahau kutega kwake, maana aliitwa kwa jina, kwa sauti, toka baraza mbili kwa wakati mmoja. Magunia ya dukani yakapandishwa juu ya chaga za mbao, tundu za ukuta zikazibwa kwa saruji pande zote mbili. Sisemi wamekwisha. Hawaishi, hao. Ila mchele unalala mzima, na kwa mwenye duka hiyo ni habari kubwa.

Pilau ya nadhiri ilipikwa siku ya Jumamosi, masufuria makubwa ya kuazima, Mama Kalinga kwenye kuni na mkono wake juu ya mwiko. Mtaa ulikula. Mwanakhamisi alikula mwisho, ukoko, kama alivyoapa, na akasema ndio mtamu kuliko yote. Kasha bado linasafiri, ila limepigiliwa ubao mpya, ndani linatandikwa kanga kuukuu badala ya majani, na linafunguliwa uani mbele ya Habibu, ambaye husimama mbali na kugeuza uso. Batuli hajasamehe hilo.

Wiki baada ya karamu, Mama Kalinga alirudisha kapu la ukindu la Mwanakhamisi, lile alilobebea sehemu yake ya pilau. Lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa kilekile kilichodariziwa. Mwanakhamisi alilipokea kwa mikono miwili, na kwa mazoea ya maisha yake yote akataka kuliweka pembeni mpaka mwenzake aondoke.

"Fungua," alisema Mama Kalinga. "Tumeshajifunza, au bado?"

Kitambaa kikatikisika. Akakifunua. Ndani alikaa paka mdogo wa rangi ya majivu, amekasirika, masikio makubwa kuliko kichwa.

"Chombo hakirudi kitupu," alisema Mama Kalinga. "Si ndivyo mnavyosema ninyi?"

Mwanakhamisi alimtoa yule paka, akamweka kifuani chini ya mtandio, na kwa mara ya pili katika maisha yake akakosa neno. Alipolipata, sauti yake ilikuwa imelowa.

"Sasa mimi kapu lako... kapu langu hili... bakuli lako nitalirudishia nini?"

"Bakuli ninalo mimi."

"Basi lilete na kande," alisema Mwanakhamisi, "ili niwe na deni."

Asubuhi yake lililetwa, na kande.